Nifichie Jina

Kosa lenyewe ukilitazama lilikuwa dogo, la kidole tu, na kama lingempata mtu mwingine angelifuta akacheka. Lilimpata Magreti, fundi cherehani wa Mikumi, mchana wa Jumanne, wakati Hildegarda wa kwaya amesimama mbele yake mikono juu anapimwa kifua.

Magreti alikuwa admini wa grupu la akina mama kwenye simu. Lilianza kwa ajili ya vitenge na mapishi, likaishia kwenye mambo ya ndani, kama yanavyoishia yote. Mwanamke akibanwa na jambo asilotaka lijulikane ni lake, anamwandikia admini pembeni, inboksi: dada, nifichie jina. Magreti ananakili yale maneno, anaandika juu yake kwa herufi kubwa IMETOKA INBOKSI, JINA LIMEFICHWA, halafu anayarusha kwenye grupu kwa namba yake mwenyewe, na akina mama wanashusha ushauri. Waume wanaolala nje, mawifi wachokozi, watoto walioshindikana, wote walipitia mikononi mwake. Nusu ya Mikumi ilimwambia siri zake, na kusema kweli hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumuuliza za kwake.

Ujumbe wa siku hiyo ulitoka kwa mtu aliyejiita Mama Lightness, picha yake ua jekundu.

"Dada admini, nifichie jina. Nimechoka kuishi. Nyumbani wananiona nacheka, wanasema huyu hana shida. Kila asubuhi nikifumbua macho nasikitika kwamba nimefumbua. Sitaki ushauri. Nataka tu mtu mmoja ajue."

Magreti alisoma mpaka mwisho. Akanakili, akabandika, na hapo hapo Hildegarda akasema, "Mama Salome, kiunoni usinibane, siku hizi nimenawiri." Wakacheka wote wawili, kidole kikabonyeza. Simu ikalazwa kifudifudi juu ya meza ya cherehani. Yale maneno ya juu, ya kusema kwamba jina limefichwa, hayakuandikwa.

Alipoigeuza tena, Hildegarda alikuwa ameshakwenda zake na grupu lilikuwa linawaka moto.

"Mama Salome ni wewe au kuna mtu ameshika simu yako?"

"Jamani aliye karibu na kwake akimbie!"

"Mume anaye, nyumba anayo, cherehani anayo. Sisi tusio na kitu tuseme nini? Aache kudeka."

"Kiki hiyo, anataka tu azungumzwe."

Katikati yao mtu mmoja, bila haya, alikuwa ameweka tangazo la dagaa.

Weee! Magreti alihisi masikio yanaungua. Kidole kilikuwa tayari kwenye sehemu ya kufuta wakati ujumbe ulipoingia pembeni, kutoka kwa Mama Lightness. "Umeiweka kama yako."

Akaanza kuandika, samahani sana mdogo wangu, nimepitiwa. Hajamaliza, ukaingia wa pili.

"Sijawahi kuona mtu anabeba aibu ya mwenzake hivi. Nimekaa nasoma wanavyokujibu, mmoja mmoja. Wengine wananitukana, wengine wananililia. Usiifute dada, nakuomba. Ukiifuta nitaona nimefutwa na mimi."

Magreti akaitazama ile samahani yake ambayo haijaisha, akaifuta yenyewe.

Akaanza upya. Kwanza aliandika Mungu yupo, yatapita. Akaona ni maneno ambayo hata yeye akiambiwa huwa anaitikia tu ili mtu anyamaze. Akakumbuka muuguzi mmoja aliyewahi kuja kuzungumza na akina mama kanisani: mtu akikwambia hivyo, muulize waziwazi, kuuliza hakumwingizii wazo ambalo hana. Akaandika, "Unafikiria kujiua?"

Jibu halikuchelewa. "Ndiyo."

"Leo?"

"Sijui. Leo naweza kusubiri."

"Basi subiri na mimi. Kila asubuhi na kila jioni niandikie neno moja tu, nipo. Hata kama huna jingine."

"Na usimwambie mtu."

Hapo Magreti angetakiwa kufikiri kidogo, lakini alikuwa ameshazoea kuahidi. Akaandika, "Simwambii mtu."

*

Mumewe, Ditram, alirudi kabla ya saa yake. Alikuwa mlinzi kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, mtu wa maneno machache, na siku hiyo hata hayo machache yalikuwa yamemkauka. Hakuvua koti la kazi. Mama yake, Bi Yusta, aliyeshuka kutoka Kisanga kuja kutibiwa miguu na bado hajarudi, alikuwa mkekani anachambua mchicha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona mapema?"

Ditram akamnyooshea mkewe simu. "Hii nini, Mama Salome?"

"Umeipata wapi?"

"Nimeipata wapi! Imesomwa getini. Mpishi anasoma kwa sauti, madereva wanasikiliza, mimi nimeshika geti. Unajua mtu anaangaliwaje mkewe akisema amechoka kuishi? Wananiangalia kama nakupiga."

"Si yangu."

"Namba ya nani hii?"

"Namba yangu, maneno si yangu. Kuna mtu amenitumia inboksi, nikasahau kuandika juu kwamba jina limefichwa."

Ditram akashusha pumzi, mabega nayo yakashuka. "Sasa si ungesema. Basi andika sasa hivi si yako, watu walale."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Nikisema si yangu, wataanza kumsaka mwenyewe. Na yeye ataona nimemtupa. Baba Salome, huyu mtu hayuko sawa, na mimi ndiye pekee anayezungumza naye."

"Nani?"

"Simjui. Hata ningemjua nisingesema, nimeahidi."

"Humjui," Ditram akarudia polepole. "Mtu usiyemjua anafichiwa jina. Mimi wa kwako ndani natangazwa."

Lilikuwa kweli, na lilimchoma Magreti. Mumewe akageuka akatoka, akakaa kwenye ngazi za nje amempa mgongo, na chakula alikula huko huko.

Aliyebaki ni Bi Yusta. Yeye simu hakuijua, lakini jirani alikuwa ameshapita kumnong'oneza, na mabishano yale yote aliyasikiliza kwa sikio lake mwenyewe: mgonjwa anakana ugonjwa wake. Akasukuma ungo pembeni. "Mwanangu," akasema kwa upole, "kwetu mtu akisema hivyo haachwi peke yake." Na hakumwacha.

*

Kulipopambazuka, Magreti alikwenda chooni na Bi Yusta akaenda naye, akasimama nje anakohoa kila baada ya muda ili ajibiwe. "Nipo mama!" Magreti akajibu. Akienda bombani, mama mkwe nyuma. Akikaa kwenye cherehani, mama mkwe kwenye kigoda. Alipotafuta mkasi hakuuona, akatafuta wa pili, nao haupo.

"Mama, mikasi yangu?"

"Ipo. Nimeilaza."

"Mama, mimi ni fundi. Nitakata na meno?"

"Utakata ukipona."

Magreti alitaka kucheka na alitaka kulia. Yule bibi alikuwa anafanya jambo jema kabisa kwa mtu asiyestahili, wakati anayestahili yuko mahali pasipojulikana, peke yake. Angempa Mama Lightness nusu ya bibi huyu kama ingewezekana.

Hildegarda alikuja kabla jua halijawa kali, hakukaa. "Mama Salome, pole sana mpendwa. Tumekuombea jana kwenye mazoezi. Sasa kamati imeona upumzike kidogo. Vile vitambaa vya sare ya kwaya nitavibeba, kuna fundi mwingine atatushonea."

"Nimeshavikata nusu, Mama Goodhope," Magreti akamwambia.

"Hivyo hivyo tu. Siyo kwamba tunakuogopa." Aliviviringisha haraka haraka, pamoja na karatasi za vipimo. "Ni vile tu sare za kumtukuza Mungu, unaelewa, zisije zikawa na..." Hakumalizia zisije zikawa na nini. Magreti alimsaidia kufunga mzigo kwa kamba.

Wengine walikuja mchana. Walikaa kwenye benchi kwa foleni, wakaimba pambio moja, wakaanza. Mfikirie Salome shuleni, nani atampelekea matumizi? Wewe mbona una bahati, mumeo hanywi? Shetani anatafuta mlango, ukimfungulia anaingia. Mmoja alisimulia dhiki zake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, ili Magreti aone kwamba zake ni ndogo. Wote walimwambia. Hakuna aliyemuuliza. Magreti alikaa mikono mapajani anaitikia asante, asante, na kwa mara ya kwanza akaelewa yule mtu wa inboksi aliposema sitaki ushauri alikuwa anasema nini. Lo, upweke wa kukaa katikati ya watu kumi na tano wanaokuhurumia kwa kosa!

Jioni neno liliingia. "Nipo." Akamjibu, "Nami nipo. Umekula?" Hakujibiwa. Asubuhi ya Alhamisi neno halikuingia. Jua likapanda, likafika utosini, simu kimya. Alimwandikia, akamwandikia tena. Ujumbe ulikuwa unafika na kusomwa, ila jibu hakuna. Bi Yusta akasema, "Mbona unatoka jasho, mwanangu?" Magreti akasema anakwenda kulala, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa komeo, jambo ambalo Bi Yusta alikuwa amelikataza, akapiga simu.

Iliita mpaka karibu ikatike. Halafu mtu akapokea.

"Mama Lightness? Ni mimi, dada yako. Usikate."

"Shikamoo dada," ikasema sauti ya mwanamume.

Magreti akakaa kitandani. "Wewe nani? Mwenye simu yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Mama Lightness yuko wapi?"

"Hakuna Mama Lightness. Niliweka jina hilo ili niingie kwenye grupu lenu." Sauti ilikuwa ya kijana, nzito kidogo, ya mtu aliyeamka zamani na bado hajainuka kitandani. "Makundi yetu sisi ni mpira na siasa. Nikiandika vile kule watanitumia vikatuni. Huku kwenu nilikuwa nasoma tu, mtu analia, wenzake wanamwambia tupo. Nikatamani. Samahani kwa kukudanganya."

"Hujanikosea. Jina lako nani?"

"Onesphory."

"Onesphory, mbona leo hukuandika nipo?"

"Kwa sababu sikuwa na uhakika, dada."

Magreti alishika shuka kwa mkono wa pili. Ndipo aliposikia komeo linatikiswa. Bi Yusta alikuwa amemwita mwanawe aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku, na Ditram hakubisha hodi mara mbili. Alisukuma mlango kwa bega, komeo likang'oka. Alimkuta mkewe amekaa kitandani, simu sikioni, na kutoka kwenye ile simu sauti ya mwanamume inasema, dada, dada, bado upo?

"Ahaa," Ditram akasema. "Kumbe."

"Baba Salome, nisikilize."

"Kumbe ndiyo siri yenyewe! Ndiyo maana huwezi kuandika. Mama, umeona? Tunamlinda hapa, yeye anafunga mlango azungumze na mwanamume wake!" Bi Yusta nyuma yake ameshika mdomo.

Magreti hakuwahi kuwa na jambo zito namna hiyo mkononi. Akisema ukweli amevunja ahadi, na yule anaweza kukata simu na asipatikane tena. Asiposema, ndoa imekwisha hapo hapo mbele ya mama mkwe. Alifanya la pekee alilolijua. Alimuuliza mwenyewe.

"Onesphory, umesikia. Huyu ni mume wangu. Anadhani wewe ni mambo mengine. Na kuna jambo jingine nikwambie: mimi sikubeba aibu yako kwa makusudi. Nilisahau kuandika juu kwamba jina limefichwa. Nilikosea tu."

Alisikia pumzi upande wa pili. "Lakini hukuifuta," Onesphory akasema.

"Sikuifuta. Sasa nimwambieje mume wangu? Ukikataa nitanyamaza, lakini mimi peke yangu siwezi tena. Nimeshindwa, mdogo wangu. Unahitaji watu zaidi ya mimi."

"Mpe simu," Onesphory akasema.

Ditram aliipokea kama mtu anayepokea kitu cha kupigania. "We! Wewe nani wewe?" Kisha hakusema tena. Alisikiliza amesimama, halafu akasikiliza ameegemea ukuta, halafu akakaa chini kabisa sakafuni, na magoti yake yale marefu yakafika kidevuni. Magreti hakusikia anachoambiwa. Aliona tu shingo ya mumewe inavyolegea.

"Umekula?" Ditram akauliza mwishoni. "Tangu lini? ... Upo na nani hapo? ... Hapana, dada yako wa hapo nyumbani naye ni mtu, akae karibu yako hata kama humwambii kitu. Uko wapi? ... Tindiga. Tindiga napajua. Mlango ufungue, usiufunge. Kaa nje mahali unapoonekana. Mimi nakuja. ... Sikia bwana mdogo, sikuulizi, nakwambia nakuja."

Akainuka, akaangalia komeo alilolivunja. "Nenda kaniazimie pikipiki kwa jirani," akamwambia Magreti.

"Nakwenda na wewe."

"Haya."

*

Onesphory alikuwa mwendesha mashine ya kukoboa mpunga, na Tindiga yote ilimjua kwa utani wake. Hivyo ndivyo alivyosema dada yake, Scholastica, alipowapokea uani, ambako alikuwa anageuza mpunga juu ya turubai. Hakujua wageni wamefuata nini. "Kaka yupo, karibuni. Siku hizi analala tu, tunasema malaria, amepimwa haonekani nayo. Leo ndiyo ametoka nje. Nyie ni watu wa mashine?"

"Watu wake," Ditram akasema.

Kijana alikuwa kwenye kizingiti, miguu nje, amevaa shati lililopigwa pasi. Alisimama akaamkia shikamoo mbili. Ditram aliitikia marahaba, akamshika mkono asiuachie. Lakini macho ya Onesphory yalikwepa ya Magreti, yakaenda chini kwenye mpunga. Yale aliyomwandikia alikuwa ameyaandika kwa mtu asiye na sura. Sasa sura imekuja.

"Shemeji, utaniwia radhi," akasema kwa sauti ndogo. "Niingie na kaka huyu kwanza."

Magreti alisema bila shaka, ingieni. Aliletewa kigoda akakaa chini ya dirisha, na Scholastica akaenda kuchota maji ili awapikie wageni. Basi, mwanamke aliyepoteza sare za kwaya, mikasi na nusu ya heshima yake kwa ajili ya kijana huyu, akabaki uani na kuku wanaodokoa mpunga. Aliwafukuza. Wakarudi. Hakuwa na kinyongo, lakini iliuma, tusidanganyane.

Dirisha lilikuwa la wavu. Hakukusudia kusikiliza.

"Nikienda hospitali wataniitia polisi," Onesphory alikuwa anasema.

"Unakwenda kutibiwa, huendi kukiri. Utamwambia daktari kama ulivyoniambia mimi. Na utamwambia dada yako, leo, kabla sijaondoka."

"Ataanguka."

"Aanguke, atainuka. Kuliko aambiwe na watu wengine." Kisha Ditram akakohoa. "Nitakwambia jambo, mke wangu mwenyewe halijui. Kabla sijawa mlinzi nilikuwa kwenye kampuni ya barabara. Walipotuachisha kazi sikusema nyumbani. Kila asubuhi naaga, nakwenda kukaa nyuma ya ghala la mahindi mpaka jioni, narudi nalalamika kazi nzito. Miezi, bwana mdogo. Mwishoni nikawa sioni kwa nini nirudi. Nilishachagua mpaka siku."

Magreti aliacha kufukuza kuku.

"Ikawaje?"

"Ghala lilikuwa na mlinzi, mkorofi kwelikweli. Akaja akaniuliza, wewe mbona unaota mizizi hapa, unataka kuiba au unataka kufa? Nikamwambia kufa. Sijui kwa nini nilimwambia. Akasema, basi shika rungu hili nikale, nikirudi tutazungumza. Akaniachia geti." Ditram akacheka kidogo puani. "Nikalishika. Ningeachaje geti la watu? Aliporudi tukazungumza. Kesho yake akaniachia tena. Ulinzi ndiyo kazi yangu hadi leo."

"Na mkeo hakujua?"

"Alikuwa ananifungia wali na maharage kila asubuhi. Jioni ananiuliza, kazi? Nasema nzuri. Anasema haya. Halafu anarudi kwenye simu yake, kuna watu wana shida."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja rangi ya nyumba. Magreti alikaa na lile neno chini ya dirisha la watu wasiomjua, na machozi yakamtoka bila kelele. Mwaka ule aliukumbuka vizuri. Alikuwa anajisifia kwa jirani kwamba mume wake ni mtulivu.

Scholastica alirudi na ndoo. Ditram akatokeza mlangoni, akamwita kwa jina, akamwambia aingie, kaka yake ana neno. Mlango ulirudishwa. Baada ya muda kilisikika kilio kimoja kifupi, halafu sauti ya Scholastica ikisema tena na tena, si ungeniambia, kaka, si ungeniambia. Walipotoka alikuwa amemshika kaka yake mkono wa shati kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni. Walikubaliana kesho asubuhi waende hospitali ya Kilosa, na Ditram atawakuta huko huko. Usiku huo Scholastica atalala mlangoni kwake. Ditram akaandika namba yake kwenye simu zote mbili.

Onesphory ndipo alipomwangalia Magreti. "Shemeji, ile ya kwenye grupu unaweza kuifuta sasa."

"Nitaiacha kwanza," Magreti akasema. "Kuna watu bado wanaisoma."

*

Walirudi jua likiwa limelegea. Magreti amekaa nyuma, mikono kwenye koti la mumewe, vumbi linawafuata. Walipita kilomita zote za mashamba ya mpunga, Magreti akingoja, kwa sababu mgongo hauonyeshi kama mtu yuko tayari. Mbele kidogo walikuta ng'ombe wa wafugaji wanavuka barabara, kundi refu, wasio na haraka. Ditram akapunguza, akasimama, mguu mmoja chini, injini inanguruma.

"Baba Salome," Magreti akasema.

"Naam."

"Nilikuwa chini ya dirisha."

Mgongo ukakaza. Ng'ombe walipita, wengine na ndama zao.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniandikia nini?" Ditram akauliza. Hakuwa anamsuta, alikuwa anauliza kweli.

"Nisamehe," Magreti akasema. Halafu akauliza, na kwa mtu huyu mmoja swali lile lilikuwa gumu kutamka kuliko kwa wote waliowahi kumwandikia. "Na sasa hivi? Bado unafikiria kufa?"

Alimsubiri. Hakumsaidia kwa neno lolote.

"Kuna siku wazo hilo linapita," Ditram akasema. "Halikai. Linapita tu."

"Likipita uniamshe."

"Wewe unachoka sana."

"Uniamshe hivyo hivyo. Na kesho hospitali tukiwa na Onesphory, umwambie daktari na hilo."

Alitikisa kichwa kukubali, mara moja, taratibu. Kundi lilikuwa linaishia, mchungaji wa mwisho akainua fimbo kuwapungia kwamba njia ni nyeupe. Ditram hakuondoa pikipiki. Aligeuza kichwa upande, akamwona mkewe kwa jicho moja tu.

"Na wewe?" akauliza. "Ile ulisema si yako. Nikaamini. Lakini sikukuuliza. Wewe hali yako?"

Katika wote waliofika benchini, katika majina yote aliyoyaficha miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumuuliza. Mdomo wake ulishafunguka kusema mimi mzima, umezoea. Akaufunga. Yalikuwa mengi, na injini ilikuwa inapiga kelele.

"Zima pikipiki kwanza," akasema.

Akazima.